Mtoto Aliyelelewa na Wengine ni wa Nani?

Wahenga waliacha methali mbili zisizopatana. Moja yasema: Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nyingine yasema: Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Watu huzitumia zote mbili bila kuona shida yoyote, kwa sababu kwa kawaida aliyezaa ndiye anayelea, na anayelea ndiye aliyezaa. Lakini ikiwa mtoto amezaliwa na huyu, akalelewa na yule, na siku moja wote wawili wasimama mbele ya mwamuzi, kila mmoja akisema, "Huyu ni wangu," hapo methali hizi zageuka kuwa mashahidi wawili wanaopingana. Mwamuzi amsadiki yupi? Na liko swali lingine lililo zito kuliko hilo: je, yuko mtu duniani mwenye uwezo wa kumwambia mama, "Tangu leo wewe si mama wa mtoto huyu"?

Jambo hili si la wenye elimu ya sheria peke yao. Mtu akipita Kisangani, katika Mangobo, Kabondo au Tshopo, au akifuata njia za msituni kwenda Opala, Isangi na Banalia, ataona nyumba chache sana zisizo na mtoto wa mtu mwingine. Huyu ni mtoto wa dada aliyekufa. Yule ni mtoto wa ndugu aliyekwenda kutafuta almasi upande wa Bafwasende asirudi. Yule mwingine aliletwa mjini asome, na shule imekwisha lakini bado yupo, anateka maji na kulea wadogo. Tena vita imeongeza hesabu yao. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani wenyewe, na mamia ya raia wakafa katika nyumba zao. Na Februari 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulilipuka Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Nyumba zikachomwa, na maelfu ya watu wakavuka kwa mitumbwi kutafuta kimbilio. Katika kukimbia kwa namna hiyo mama hushika mkono wa mmoja na kumwachia jirani mwingine. Hana nafasi ya kuandika mkataba.

Desturi ya mababu ilikuwa na jibu lake. Mtoto hakuwa wa watu wawili tu, bali wa ukoo mzima. Baba mdogo ni baba, mama mkubwa ni mama, na mtoto aliyehamishwa kutoka nyumba moja hadi nyingine hakuvuka mpaka wowote. Alitoka mkono wa kuume wa ukoo akaingia mkono wa kushoto. Kumpa ndugu mtoto alee hakukuwa kumpoteza. Wala jina la mama halikufutwa, hata kama mtoto alikaa miaka kumi akila lituma na samaki katika chungu cha mama mwingine.

Lakini haifai kuisifu desturi kupita kiasi. Katika makabila mengi ya nchi hiyo mtoto huhesabiwa kwa baba, nayo mali ya ndoa ndiyo inayofungua mlango wa hesabu hiyo. Ikiwa mume hakutoa mali, wajomba wasema mtoto ni wao. Ikiwa mume ametoa mali kisha akafa, ndugu zake wasema mtoto ni wao, na mara nyingine mjane amerudishwa kwao na kitambaa chake kimoja, watoto wakizuiliwa nyuma. Basi desturi nayo ilijua kumtenga mtoto na mzazi wake, na ililifanya jambo hilo bila kuuliza kama mzazi ana kosa, na bila kumwuliza mtoto lolote. Hata hivyo neno moja haikulisema kamwe: haikusema kwamba mwanamke aliyemzaa si mama yake.

Neno hilo lasemwa katika nchi nyingine, tena kwa barua yenye muhuri. Marekani mtoto aliyeonekana kuteswa au kuachwa bila matunzo huondolewa nyumbani kwa amri ya mwamuzi, akawekwa kwa walezi wanaosimamiwa na serikali. Wazazi hupewa masharti: waache ulevi, watafute nyumba, wajifunze malezi. Sheria iliyotiwa sahihi mwaka 1997 yaagiza kwamba mtoto akiisha kukaa kwa walezi miezi 15 katika miezi 22, serikali yapasa kumwomba mwamuzi avunje kabisa haki za wazazi, isipokuwa zipo sababu fulani, kama vile mtoto kutunzwa na jamaa yake. Tangu mwaka 1982 Mahakama Kuu ya nchi ile imetaka ushahidi ulio wazi na wenye kusadikisha kabla ya kukata namna hiyo. Lakini ikiisha kukatwa, imekatwa. Mbele ya sheria mzazi amekuwa mgeni: hana haki ya kumtembelea, wala kujua anasoma wapi, wala kuitwa mwana akiugua. Familia nyingi za Kongo zimepelekwa kuishi Marekani kama wakimbizi, na kwao sheria hii ni ngumu kusadiki. Mzazi aliyezoea kwamba mtoto hukaa mwaka mzima kwa shangazi bila ubaya wowote asikia kwamba kuna saa inayohesabu miezi juu ya kichwa chake.

Mtu asiidharau sheria hiyo upesi. Haikutungwa kwa ukatili. Ilitungwa kwa sababu watoto wengi walihamishwa kutoka nyumba hadi nyumba, miaka mitano, miaka minane, huku wakubwa wakingoja wazazi wageuke. Na watoto hawakungoja, walikua. Mtoto wa miaka 3 hawezi kuweka utoto wake sandukuni mpaka baba apone ulevi. Hiyo ndiyo kweli iliyo ndani ya sheria ile. Udhaifu wake ni kwamba saa haijui sababu. Yahesabu sawasawa miezi ya mama aliyekataa kuja na miezi ya mama aliyekosa nauli.

Sheria ya Kongo imekwenda njia nyingine. Kitabu cha sheria za jamaa cha mwaka 1987, kilichorekebishwa mwaka 2016, pamoja na sheria ya kuwalinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009, vyajua kwamba mzazi aweza kuvuliwa mamlaka yake na mwamuzi, na sheria hiyo ya 2009 iliweka mahakama za watoto. Lakini juu ya mtoto aliyepewa wazazi wapya kwa hukumu, sheria ya Kongo yasema mambo mawili kwa pamoja: yeye ni mtoto wao kwa kila jambo, wala hakutengwa na jamaa yake ya asili. Wanasheria wa mbali huona hapo mambo mawili yasiyokaa nyumba moja. Mzee wa Kilokele au wa Kitopoke hataona ajabu yoyote.

Sasa na itazamwe haki yenyewe. Mzazi ana haki gani juu ya mtoto, na imetoka wapi? Mwenye mtumbwi ana haki juu ya mtumbwi wake kwa sababu aliuchonga au aliununua, nao upo kwa faida yake. Akitaka kuuza, auza. Akitaka kuuacha uoze ufukweni, ni hasara yake mwenyewe. Haki ya mzazi si ya namna hiyo hata kidogo. Mtoto hayupo kwa faida ya mzazi. Mzazi amepewa uwezo wa kuamuru kwa sababu mtoto hawezi bado kujiongoza, na lazima awepo mtu wa kumwongoza. Haki hii yafanana na haki ya mpiga kasia wa nyuma: yeye ashika kasia kwa sababu mtumbwi wataka kufika, si kwa sababu mto ni wake.

Mtu aweza kusema: basi, kama haki yatoka katika kazi ya kulea, yeyote aleaye vizuri zaidi anayo haki kubwa zaidi, na tajiri mwenye nyumba ya matofali na atwae watoto wa maskini wote. Hapo ndipo Mtakatifu Tomaso wa Akwino asaidiapo. Katika karne ya 13 aliulizwa kama yafaa kuwabatiza watoto wa Wayahudi bila ridhaa ya wazazi wao. Waliouliza walidhani wanawatendea watoto wema ulio mkubwa kuliko wema wote. Yeye akakataa. Alifundisha kwamba kwa haki ya maumbile mtoto asiyeweza bado kutumia akili yake yu chini ya utunzaji wa wazazi wake, kama vile alivyokuwa tumboni kabla ya kuzaliwa, na kumtwaa kutoka kwao ni kuvunja haki hiyo. Basi ikiwa wema wa ubatizo wenyewe hautoshi kuwa sababu ya kumnyang'anya mzazi mwanawe, wema wa godoro na daftari utatoshaje?

Fundisho hilo liliandikwa zamani, na lilisahauliwa mahali palepale ambapo lingehitajiwa sana. Tarehe 12 Julai 1890 serikali ya Mfalme Leopold wa Pili ilitoa amri kwamba watoto waliokombolewa utumwani, yatima, na walioachwa wawe chini ya ulinzi wa serikali. Na tarehe 4 Machi 1892 amri nyingine ikaruhusu wakuu wa misioni kuwapokea na kuwa walinzi wao. Kulikuwa na haja ya kweli. Biashara ya watumwa ilikuwa imepita katika Maporomoko ya Stanley, na watoto wengi walionunuliwa mbali hawakujua hata kijiji chao kiko upande gani. Lakini neno "yatima" lilinyoshwa kama mpira. Tume ya uchunguzi iliyopelekwa na mfalme mwenyewe mwaka 1904, na kutoa taarifa yake mwaka 1905, iliona kwamba katika vijiji vidogo vya misioni, hasa upande wa Kwango, wengi walioitwa yatima hawakuwa yatima. Walikuwa na wajomba, baba wadogo, bibi. Kwa Mzungu mtoto aliyefiwa na baba na mama amebaki peke yake. Kwa Mkongo mtoto huyo ana akina baba wengine sita. Aliyeandika "hana mtu" hakuwa amesema uongo kwa lugha yake. Aliusema kwa lugha ya mtoto.

Halafu jambo likaenda mbali zaidi. Katika miaka ya utawala wa Ubelgiji, watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika, walioitwa machotara, walitafutwa vijijini kwa amri ya serikali na kutengwa na mama zao. Baba zao wengi hawakuwaandika kuwa wana wao. Hawakuwa yatima, hawakuwa wameachwa. Mama zao walikuwa hai na wanawanyonyesha. Kosa lao lilikuwa rangi yao, kwa maana serikali iliogopa watu wasio wa upande huu wala wa upande ule. Mama aliambiwa ampeleke mtoto, na jamaa waliogopa adhabu. Wasichana watano waliozaliwa kati ya 1945 na 1950 walipelekwa namna hiyo kwenye misioni ya Katende, Kasai, mbali na kwao, kabla ya kutimiza miaka 7. Uhuru ulipofika mwaka 1960 na ghasia zikaanza, waliachwa nyuma.

Wasichana hao walikuwa bibi wenye wajukuu walipoishitaki serikali ya Ubelgiji. Mwaka 2017 maaskofu wa Ubelgiji walikuwa wameomba msamaha kwa sehemu ya Kanisa katika mambo hayo, na tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba msamaha bungeni kwa jina la nchi yake. Hata hivyo mahakama ya kwanza, mwaka 2021, ilikataa mashitaka yao. Wakakata rufani. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels ikahukumu kwamba kuwatafuta na kuwateka watoto wale kwa utaratibu, kwa sababu ya asili yao tu, ni uhalifu juu ya ubinadamu, na serikali imlipe kila mmoja euro 50,000. Watu walioshangaa kwamba kesi ya miaka 70 ilipata hukumu wangeshangaa zaidi kama wangefikiri fedha hizo zaweza kununua nini. Hazinunui hata jioni moja jikoni kwa mama.

Katika habari hiyo yote lipo jambo moja linalofaa kushikwa sana. Watoto wale walilishwa. Walivikwa. Wengine walisoma. Masista wengine bila shaka waliwapenda. Wema wa kupokea mtoto hauwezi kugeuka nyuma na kutakasa ubaya wa kumtwaa. Anayelea mtoto aliyeibiwa afanya kazi njema, lakini wizi unabaki wizi, na kila mwaka wa malezi mazuri hauufanyi kuwa mdogo. Ndivyo ilivyo hata leo, mtu anapofika kijijini akiahidi shule au safari, mzazi akaweka kidole gumba katika karatasi asiyoweza kuisoma. Mwaka 2013 serikali ya Kongo ilisimamisha ruhusa za kutoka nchini kwa watoto waliopewa wazazi wa kigeni, kwa sababu udanganyifu ulikuwa mwingi.

Je, yamaanisha kwamba haki ya mzazi haiwezi kukatwa kamwe? La, sivyo.

Huko Kisangani, kama katika miji mingine ya Kongo, wako watoto walioambiwa kwamba ni wachawi. Baba amepoteza kazi, au mtoto mchanga amekufa, au mama wa kambo ameota ndoto; kisha wakatafuta sababu na kuikuta kwa mtoto wa miaka 8 anayekojoa kitandani. Hupelekwa katika chumba cha maombi, akanyimwa chakula siku kadhaa, akachapwa, mara nyingine akachomwa, mpaka akiri. Akiisha kukiri afukuzwa. Alala sokoni. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumtupa mtoto na kumshitaki uchawi, na yasema ni kosa la kuadhibiwa. Lakini na ifikiriwe kwamba mtoto huyo ameokotwa na mume na mke wasio na mali nyingi, mume akiendesha toleka na mke akiuza kwanga. Wamemlea miaka sita. Sasa ana miaka 14, ana nguvu, aweza kusukuma na kubeba. Ndipo baba atokea. Asema damu ni damu. Hakuuliza habari za mtoto alipokuwa na vidonda. Aliuliza aliposikia anapata faranga.

Huyu amevunja mwenyewe kile anachokidai. Mamlaka yake ilikuwa kwa ajili ya kumlinda mtoto, naye aliitumia kumwangamiza. Aliyeligeuza kasia kuwa rungu na anyang'anywe kasia. Mwamuzi anayemvua baba huyo mamlaka yake hamwondolei kitu alicho nacho bado. Athibitisha kwa maandishi kilichokwisha kutendeka. Tena yapasa athibitishe, maana bila hukumu mtoto ataishi kwa hofu kila amwonapo mtu wa ukoo wake njiani, na walezi wake watakuwa kama watu waliojenga katika kiwanja kisicho na hati.

Hata hapo kuna mpaka. Mwamuzi aweza kuondoa mamlaka, yaani uwezo wa kuamuru, kuchukua, kuoza, kumweka mtoto hapa au pale. Hawezi kuondoa ukweli kwamba mtoto alizaliwa na mtu fulani, katika ukoo fulani, mwenye bibi fulani aliyelia alipofukuzwa. Hayo si mali ya baba mbaya. Ni mali ya mtoto. Kumkatia mtoto shangazi wote na ndugu wote kwa kosa la baba mmoja ni kumwadhibu yeye aliyekosewa.

Shida kubwa zaidi haiko kwa baba mwovu, kwa sababu huko njia yaonekana. Iko kwa mama asiye na kosa aliyechelewa.

Na awazwe mama wa Lubunga, mmoja wa wengi wanaoweza kuwapo. Nyumba yake imechomwa. Mwana wake wa miaka 2 amebaki mikononi mwa mke wa jirani aliyekimbilia Mangobo. Yeye mwenyewe ametupwa na safari upande wa Ubundu, akaugua, akafiwa na mume, akalima mashamba ya watu ili apate nauli. Afika mwaka wa tatu. Mtoto amtazama kama amtazamavyo mgeni yeyote, ajificha nyuma ya kitenge cha mwanamke mwingine, na kumwita huyo mwingine mama. Mama aliyemzaa ana haki. Hakuitupa, hakuiuza, hakuivunja. Umaskini si kosa, wala vita si kosa lake, na mwamuzi anayehesabu miezi yake aihesabu misiba yake. Lakini yule mtoto hakufanya kosa pia. Miaka mitatu kwake ni zaidi ya nusu ya maisha yake. Akinyakuliwa leo na kuvushwa mto jioni, atapoteza mama kwa mara ya pili, na mara hii moyo wake utajua.

Wasimulizi wa hukumu ya Sulemani husimulia kana kwamba mfalme aligundua kwa werevu ni nani aliyezaa. Yawezekana. Lakini kipimo alichokitumia hakikuwa kipimo cha damu. Aliangalia ni nani aliye tayari kuipoteza haki yake ili mtoto awe hai. Na katika kitabu cha Kutoka habari ni ya ajabu zaidi: mama wa Musa, ili mwanawe asiuawe, alikubali kuwa mlezi wa kuajiriwa wa mtoto wake mwenyewe, akipokea mshahara kwa kumnyonyesha, kisha akampeleka kwa binti Farao, naye akawa mwana wake. Mama huyo aliacha jina la mama mbele ya watu wa jumba. Hata hivyo Musa alipokua alitoka kwenda kwa ndugu zake, na aliwajua. Binti Farao hakuibiwa kitu kwa jambo hilo. Alikuwa amemlea mtu mwenye asili, wala hakumtoa kisimani.

Kwa hiyo mama wa Lubunga yapasa apewe mwana wake, lakini kwa mwendo wa mtoto, si kwa mwendo wa haki yake. Aje Mangobo Jumapili hii, akae uani, apike. Aje tena. Mtoto azoee harufu yake na wimbo wake. Alale kwake usiku mmoja, kisha mbili. Na yule wa Mangobo asifungiwe mlango siku mtoto atakapohama, kana kwamba alikuwa mtumishi aliyelipwa akaenda. Yeye aliamka usiku mtoto alipokuwa na homa. Ana dai pia, ingawa si dai la kumzuia mtoto. Ni dai la kutosahauliwa. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto, ya mwaka 1989, ambayo Kongo iliyakubali mwaka 1990, yataka mtoto aliyetengwa na mzazi aendelee kuonana naye, isipokuwa kuonana huko kwamdhuru. Kwa akili ileile mtu aweza kusema hivyo juu ya mlezi, hata kama maandishi hayakumtaja.

Yuko atakayejibu: mlezi akijua kwamba siku moja mzazi aweza kurudi, atampenda mtoto nusu nusu, atamvika vitambaa vibovu na kuweka vizuri kwa wake mwenyewe. Hatari hiyo ipo, na wengi wameiona, mtoto wa kupewa akila baadaye na kulala chini. Lakini mwenye kupenda kwa sharti la kumiliki angempenda hivyohivyo hata kwa hati ya mwamuzi. Kila mzazi hulea mtu atakayeondoka. Binti ataolewa, mwana atakwenda mjini, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo asipewe maziwa. Tena dawa ya mashaka ya mlezi si kumfuta mzazi, bali ni kuandikisha jambo mapema: mtoto anapoletwa, chifu wa mtaa au mfanyakazi wa huduma za jamii aitwe, mwamuzi wa watoto aarifiwe, na yaandikwe majina ya mtoto, ya mama, ya kijiji, na siku aliyopokewa. Watu huona aibu kufanya hivyo kati ya ndugu. Aibu hiyo imezaa kesi nyingi kuliko chuki.

Na mtoto akiisha kuwa na akili ya kutosha, yeye mwenyewe aulizwe, faraghani, wala si mbele ya wakubwa wanaomkazia macho. Asiulizwe, "Wewe wa nani?" kwa maana swali hilo lamlazimisha amkane mtu. Aulizwe alala wapi kwa amani, ni nani amjuaye akiwa mgonjwa, na ni nani angependa kumtembelea wakati wa likizo. Wako watoto watakaotaja nyumba mbili na mama wawili bila kusita, mmoja ng'ambo ya Lubunga na mmoja Mangobo, na sheria ya Kongo haimkatazi mwamuzi kuyaandika majina yote mawili.